Kufuli za Kona

Jumanne, 5 Machi

Amefika! Baba Kidege amefika na lori lake kutoka safari ndefu, mchana, jua la utosini, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa naanua nguo. Nikaacha shuka inaning'inia upande mmoja, nikakimbia bila kandambili.

Kidege kumwona tu akapiga ukelele kama kaona mwizi. Akaning'ang'ania mguu. Baba mtu akachuchumaa, akamwita kwa ile sauti anayomwitia kwenye simu. Mtoto akanyamaza. Akageuka, akaenda kuchukua simu yangu pale kitini, akaiweka sikioni.

"Baba," akaiambia simu.

Bibi, mama mkwe wangu, tunakaa naye chumba cha pili, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka. Baba Kidege naye akacheka, lakini nilimwona. Kacheka kwa meno tu.

Kaoga, kala, kalala. Kidege anampita kwa mbali kama anavyolipita gunia la mkaa.

Alhamisi, 7 Machi

Habari nimeipatia jikoni, sikuambiwa mimi. Wako wanaume wakiwa na jambo zito wanalipeleka kwa mama zao kwanza, mke analisikia kupitia masufuria. Basi nikapunguza kelele za vyombo.

Kumbe ile bandari kavu iliyokuwa inajengwa nyuma ya mtaa wetu, ile yenye kreni ya njano tunayoiona tukiwa uani, inaanza kazi kweli! Makontena hayatasafiri tena na malori kutoka baharini njia nzima. Yatapanda treni. Treni inayaleta hapa, kreni inayahamishia kwenye malori, malori yanayafikisha maghalani hapa hapa mjini. Basi. Safari ndefu imekwisha kwa kampuni yao.

Kila dereva achague. Ama abaki yadini, awe analala kwake kila siku. Ama ahamie tawi la mbali, ng'ambo ya mpaka, ambako reli haijafika. Aliyeko huko anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, kama mwezi wa kufunga mwaka.

Bibi akamuuliza, sasa hapo kuna cha kuchagua?

Akasema, mama, wewe huelewi.

Nimesugua sufuria moja mpaka nikaona uso wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Komando kaja. Huyu ni dereva mwenzake, sauti kama honi ya upepo. Yeye keshachagua tawi la mbali, wala hana wasiwasi. Nikamwekea chai, akaanza.

Akamwambia mume wangu: Breki (ndivyo wanavyomwita barabarani), ati nasikia unataka kuwa dereva wa uani? Getini mpaka ghalani, ghalani mpaka getini, kama kuku anazunguka banda! Utasahau hata gia ya juu ilipo.

Baba Kidege akasema hajaamua.

Mwacha asili ni mtumwa, ndugu yangu, Komando akasema. Hilo treni kichwa kimoja kinaburuta mabehewa kama jongoo. Mtu mzima na leseni yake akawe mguu mmoja wa jongoo?

Nilitaka kucheka nikajizuia. Bibi hakujizuia, ila hakucheka. Alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho: wewe Komando, marehemu baba yake huyu alikuwa mfalme wa barabara. Kila kituo wanamjua. Hapa kwake mwenyewe mbwa alikuwa anambwekea.

Komando akaimaliza chai ile ile ya moto, imuunguze isimuunguze.

Jumapili, 10 Machi

Nimesema. Nilidhani nitalia, sikulia.

Tulikuwa tunakunja shuka, yeye kashika ncha zake, mimi zangu. Shuka inasaidia, mtu hulazimiki kumtazama mwenzio usoni. Nikamwambia sijui mambo ya malori, mimi shule niliishia darasa la saba. Ninachokijua ni kwamba ukiwa safarini, redio ikitaja ajali naizima. Halafu naiwasha. Halafu naizima tena. Ndiyo maisha yangu hayo.

Akalaza ncha zake juu ya zangu. Kisha akasema, Mama Kidege, kule njiani mimi ni mtu. Nikiingia kituoni wananipisha niegeshe. Hapa nikimaliza siku mbili najiona kama kiti cha mgeni.

Jibu lilinijia baadaye, naosha miguu ya Kidege: kiti cha mgeni kikikaliwa kila siku ndicho kinachochakaa kuwa cha mwenyeji. Nikatoka mbio kwenda kumwambia. Alikuwa ameshatoka kwenda kinyozi!

Lakini aliporudi kasema kesho ataingia yadini. Wanatoa wiki moja ya kujaribu, mpaka Jumamosi. Na Jumamosi hiyo hiyo asubuhi Komando anaondoka. Kiti cha pembeni kwenye lori la Komando kiko wazi, kasema.

Kwa hiyo wiki. Nina wiki. Hapana, anayo yeye. Mimi nina kupika tu.

Jumatatu, 11 Machi

Karudi jua halijazama! Nilikuwa hata sijawasha moto. Nimezoea kupika nikishasikia kwenye simu kwamba yuko karibu.

Yadini kumemchangamsha kidogo, ingawa hataki kuonyesha. Alinieleza kwa viberiti. Kiberiti hiki treni, kile lori, kipande cha sabuni ndiyo kontena. Anasema mlango wa kontena haufunguliwi njia nzima, mzigo haushikwi na mtu. Kinachohama ni sanduku lenyewe: kutoka melini linakaa juu ya behewa, kutoka behewani linakaa juu ya trela.

Nikamwambia, kumbe ni kama Kidege akinisinzilia mgongoni. Nampokeza Bibi, Bibi anamlaza kitandani, mtoto hana habari.

Akanitazama. Hasa! akasema. Hasa hivyo!

Nilijiona kama nimepewa cheti.

Anayeendesha kreni ni mwanamke. Wanamwita Dada wa Juu, kwa sababu anashinda huko angani kwenye kijumba cha vioo. Akishuka, ni mfupi kama mimi. Kamsisitizia jambo moja: kufuli. Trela ina kufuli nne, kila kona moja, ndizo zinazoshika kontena lisichomoke. Kabla kreni haijanyanyua, dereva azifungue zote, kisha akasimame kwenye mstari wa njano. Basi. Ndiyo kazi yote hiyo.

Baba Kidege anasema hata Kidege angeiweza.

Jumanne, 12 Machi

Kidege kapokea ndizi mkononi mwa baba yake! Mkono kaunyoosha kule, mwili mzima kauacha kwangu. Kapokea, kakimbia.

Bibi kaanika mashuka meupe upande wa barabarani. Anasema tangu malori yapungue, nguo zinakauka zikiwa na rangi yake. Kasimama pale anayatazama kama anatazama mali.

Jumatano, 13 Machi

Nimetoka yadini sasa hivi, naandika.

Nilimpelekea chakula. Mlinzi wa getini akaniambia nisimame kwenye wavu, nisivuke. Kidege mgongoni. Treni ilikuwa imesimama na malori yalikuwa kwenye foleni yanapeleka makontena matupu yarudi baharini. Zamu ikamfikia.

Nikamwona anafungua kufuli, kona kwa kona, kama alivyofundishwa. Moyoni nikasema vizuri baba. Halafu, kabla ya kwenda kwenye mstari wa njano, akalizunguka lori. Ule mzunguko wake! Hata akiegesha hapa nyumbani lazima alizunguke, anagonga tairi, anagusa taa, anagusa kufuli. Dereva wa safari asiyezunguka hafiki. Kontena likichomoka mlimani linaua wa nyuma. Basi mkono wake ukikuta kufuli iko wazi, unaifunga. Macho yapo kwenye tairi, mkono unafunga! Mwenyewe wala hajui.

Nilitaka kupiga kelele. Nikasita. Nikajiambia mimi nani, labda ndivyo inavyotakiwa. Sijui kwa nini nilisita.

Kreni ikashuka, ikalishika kontena, ikanyanyua. Kontena likapanda, na trela ikapanda nalo! Magurudumu ya nyuma ya lori yakaning'inia hewani kama miguu ya mbuzi aliyebebwa. Mayowe! Dada wa Juu akasimamisha hapo hapo. Baba Kidege akatoka mstarini, anakimbilia lori lake, mikono yote miwili juu, shusha, shusha! Wenzake wakamdaka wakamrudisha nyuma.

Na huyu mtoto! Kidege kaona mtu kamnyooshea mikono. Naye akaichomoa yake kwenye kitambaa, akainyoosha. Akajitupa mbele mpaka nikayumba.

"Baba!"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wangu. Hakuiambia simu. Alimwambia yeye.

Yeye hakusikia. Nani angesikia katika zogo lile.

Lori likashushwa taratibu. Hakuna aliyeumia, imepasuka taa tu. Lakini nilimwona alivyosimama, kizibao chake cha kung'aa kimempanda begani, watu wanacheka, yeye anatazama viganja vyake. Anavitazama mbele, anavigeuza nyuma. Kama vya mtu mwingine.

Nimerudi na chakula chenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Kala vijiko viwili.

Yadini wamempa jina jipya: Rubani. Asubuhi nimesikia watoto wa barabarani wakiimba, rubani, rubani, shusha ndege! Bibi akatoka na ufagio.

Msimamizi hakumfukuza. Kamwambia atapewa nafasi moja, Jumamosi treni ya asubuhi, watu wote wakiona. Akikosea tena, kwaheri.

Komando kapiga simu. Habari ya aibu haihitaji reli wala barabara, inaruka yenyewe. Kwanza alicheka, nilisikia mpaka huku. Kisha akamwonea huruma, na huruma yake ni mbaya kuliko kicheko. Breki, njoo zako huku, kiti kipo, na huku hakuna kreni ya kukunyanyua.

Baba Kidege kavuta begi kutoka uvunguni. Hajatia kitu. Liko mlangoni, mdomo wazi.

Habari ya Kidege kumnyooshea mikono sijamwambia. Nimemwambia Bibi peke yake. Nikimwambia yeye sasa hivi ni kama namfunga kamba mguuni. Nataka abaki kwa miguu yake. Nataka abaki! Lakini kwa miguu yake.

Nilichomwambia ni hiki tu: ukienda nitakufungia chakula, ukibaki nitakufungia chakula. Ila usiende kwa ajili ya kicheko cha watu. Kicheko kina siku zake, kinachoka.

Akasema, mkono wangu umenisaliti mbele ya watu.

Nikamwambia, mkono wako ndio ulionirudishia wewe miaka yote hii.

Akalala anatazama ukuta.

Ijumaa, 15 Machi

Leo mengi.

Mchana kaja mgeni. Dada wa Juu mwenyewe! Kaingia na buti zake, kavua mlangoni, kakaa kwenye kigoda kana kwamba alizaliwa humu. Akaniambia, wifi, maji kama yapo, koo limekauka kwa kucheka, mumeo karibu aniue. Baba Kidege akatazama chini.

Akamgeukia. Kaka, unadhani lako ndilo lori la kwanza kulipaisha? Ninyi watu wa safari ndefu nimeshawapaisha watatu. Wote wamefunga kwa mkono uliozoea. Mazoea yana taabu. Ila wewe ndiye wa kwanza kulikimbilia lori kama kuku aliyenyang'anywa kifaranga na mwewe!

Bibi akapiga makofi kwa kicheko. Nikamtazama Baba Kidege, moyo juu. Mdomo wake ukaenda upande. Ukarudi. Ukaenda tena. Akacheka! Akasema, sasa lile lori nimelilea mwenyewe, ningefanya nini?

Dada wa Juu akasema dawa yake haiko kichwani. Kichwa kinajua, mkono ndio haujui. Ukishafungua kufuli, zunguka uzungukavyo, sisemi usizunguke, lakini mikono iweke nyuma. Mkono mmoja uushike mwenzake. Kama mkwe anakagua nyumba ya binti yake: anaona kila kitu, hagusi kitu.

Akaondoka. Alipofika nje akanirudia, akaninong'oneza: mimi wangu alikuwa wa safari ndefu pia. Hakumalizia.

Jioni tukasogeza meza katikati ya chumba. Meza ndiyo lori. Baba Kidege anazunguka mikono nyuma, Bibi kashika kijiko, mkono ukichomoka tu anampiga nacho kidoleni. Mwanaume mzima! Kidege akashuka mapajani mwangu, akaingia kwenye foleni nyuma yake. Mikono nyuma. Hawezi kuifikisha, kaishia kiunoni. Wakazunguka wote wawili, hivyo hivyo, baba hamtazami mtoto asije akamtisha, mtoto hamtazami baba, anatazama visigino vyake.

Bibi ndipo akaropoka. Unamwona huyo? Juzi yadini alikunyooshea mikono akakuita. Mkeo kanikataza nisiseme.

Mama huyu! Nilitamani ardhi inimeze.

Baba Kidege akasimama. Kidege akagonga kwenye miguu yake, akakaa chini pu. Akaniuliza mimi, ni kweli? Nikasema ni kweli. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema sikutaka kukuomba ubaki kwa kumtumia mtoto.

Akatoka uani. Nikasikia anajimwagia maji miguuni. Anaosha, anaosha. Miguu gani hiyo haitakati.

Aliporudi hakusema atakwenda wapi kesho. Na mimi sikuuliza, ulimi niliuuma mpaka unauma hata sasa.

Jumamosi, 16 Machi

Komando alikuja kweupe. Honi moja, mtaa mzima ukaamka. Baba Kidege alikuwa ameshavaa. Nilimfungia chakula. Akachukua chakula, akachukua begi. Begi lilikuwa jepesi au mkono wake ulikuwa na nguvu, sijui, kulipima kwa macho siwezi.

Nikamuuliza, basi? Neno hilo tu.

Akasema, Komando anapita mbele ya geti la yadi, atanipa lifti.

Lifti mpaka wapi, hakusema! Nikasimama mlangoni. Komando akanipungia mkono, akacheka, mlango wa lori ukafungwa. Lori likakata kona. Kona ile mtu anaweza kwenda yadini na anaweza kwenda dunia nzima.

Bibi akaniambia, ingia ndani, usisimame kama mlingoti.

Nikaingia. Nikakunja chandarua nimwangalie Kidege. Amelala, kafunikwa blanketi la bluu lenye miraba. Nikashtuka. Blanketi hilo halijawahi kuingia ndani ya nyumba hii. Ni la kwenye lori, la kitanda kile cha nyuma ya usukani. Anasema dereva asiye na blanketi lake milimani anaamka maiti. Hata nilipoomba kulifua hakunipa, alilifua mwenyewe kituoni.

Sasa liko hapa. Limemfunika mtoto mpaka kidevuni, limechomekwa pande zote, kama anavyochomeka mtu asiyejua kufunika mtoto. Linanuka dizeli. Nimelinusa. Nimelinusa tena.

Huenda alisahau. Mtu akiwa na haraka anasahau.

Lakini hivi mtu anasahauje kwa kuchomeka pembe zote?

Sijapiga simu. Simu iko hapa, naitazama. Nikipiga asubuhi hii na yuko kwenye mstari, nitamtoa akili kwenye kufuli. Nikipiga na hayuko kwenye mstari, sitaki kuisikia injini nyuma ya sauti yake. Nimeiweka chini ya mto.

Treni imelia. Imeingia. Nimewasha jiko kisha nikalizima. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi.

Bibi anaita kutoka uani, sauti imempanda. Mama Kidege, njoo! Kreni imeinama! Imekwisha shika! Kamba zimekaza, anasema, inanyanyua sasa hivi, na paa la jirani yetu fundi cherehani limemziba, haoni kama trela inapanda nalo kontena. Anataka nimletee ndoo apande. Mwanamke wa umri wake!

Ndoo ninayo. Naiweka kalamu, napanda mimi.